Uzoefu wangu na lenzi ya Canon 70-300mm mbele ya wavu wa wanyama, Nairobi

Lenzi ninayoizungumzia ni Canon EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM, toleo lililotangazwa mwaka 2016, ambayo naitumia kwenye kamera ya Canon EOS 80D. Sehemu kubwa ya kazi yake kwangu imefanyika katika Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964, na katika njia ya mbao ya Nairobi Safari Walk, maeneo mawili yaliyo karibu na lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi katika Barabara ya Lang'ata. Maelezo mengi ya lenzi za aina hii huandikwa na watu walioketi ndani ya gari kule Maasai Mara, ambako kati ya mpiga picha na simba hakuna kitu ila hewa na vumbi. Mimi namwandikia mtu aliyelipa kiingilio, akasimama kwa miguu yake mbele ya wavu, na ambaye anataka kurudi nyumbani na picha ya simba, si picha ya waya wenye simba nyuma yake.

Kwa mtu huyo, faida kubwa ya lenzi ndefu haiko katika kumvuta mnyama aje karibu. Mnyama tayari yuko karibu. Mara nyingi ni mita chache tu, na simu ya kawaida inaweza kumwonyesha mzima kuanzia masikio hadi mkia. Faida iko katika kuuyeyusha wavu, na jambo hili lina hesabu yake ambayo inafaa kueleweka kabla mtu hajatoa pesa. Lenzi hii ikivutwa hadi milimita 300, urefu wake wa mwisho, na namba ya tundu ikiwa f/5.6, upana wa tundu linaloingiza mwanga ni kiasi cha milimita 54, kwa sababu 300 ikigawanywa kwa 5.6 ndilo jibu linalopatikana. Kila nukta ya uso wa simba hutuma mwanga unaotanuka hadi kulijaza tundu hilo lote, na waya wenye unene wa milimita tatu ukipita mbele yake huziba sehemu ndogo tu ya mwanga huo, huku uliobaki ukipita kandokando na kuijenga picha. Waya haupotei kwa kweli. Unasambazwa juu ya picha nzima kama utando mwepesi usioonekana, na kinachopungua ni ukali wa rangi kidogo.

Sasa irudishe lenzi hiyohiyo kwenye milimita 70. Namba inayosomeka kwenye kamera itakuwa f/4, ambayo kwa mtu asiyepiga hesabu ni tundu kubwa kuliko f/5.6, lakini 70 kwa 4 ni milimita 17 na nusu tu, na kwa tundu jembamba kiasi hicho waya huanza kujitokeza kama mistari ya kijivu inayokata uso wa mnyama. Hii ndiyo sababu wengi huambiwa "fungua tundu", wakafungua, na bado wavu ukabaki pale pale. Katika mazingira ya vizimba mimi huivuta lenzi hii hadi mwisho na kuiacha huko, na nikitaka kupata mwili mzima wa mnyama hungoja asogee nyuma badala ya kupunguza urefu wa lenzi.

Umbali kati ya mnyama na wavu una uzito kuliko umbali kati yako na wavu. Lenzi ikiwa mita moja kutoka kwenye waya na simba akiwa mita nane, wavu hauonekani. Simba huyo akija kulala huku ubavu wake umeegemea waya, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokusaidia, maana waya na manyoya vimo karibu katika umbali mmoja na vyote vitakuwa wazi. Palipowekwa kizuizi cha kuwazuia wageni wasiufikie wavu hapavukwi, na kwa lenzi hii hakuna haja ya kupavuka.

Mahali nilipoielewa lenzi hii vizuri ni kwa duma. Duma wa kizimbani hupenda kutembea kando ya wavu akifuata njia ileile aliyoikanyaga mpaka nyasi zimekwisha na udongo umekuwa mgumu, na anapotembea hivyo yuko karibu mno na waya, kwa hiyo kumfuata na kamera ni kupoteza nafasi katika kadi. Lakini kila njia ina mwisho wake. Akifika kwenye kona hugeuka, na katika kugeuka huelekeza kichwa ndani, mbali na wavu, akasita kidogo kabla ya kuanza safari ya kurudi. Ninachofanya ni kuiweka nukta ya fokasi, yaani mahali ambapo lenzi hufanya picha iwe wazi, kwenye kona hiyo mapema, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ikiwa 1/1000 ya sekunde, na kungoja. Kwenye picha nzuri kuliko zote nilizozipata pale, ile michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka kwenye macho hadi pembeni mwa mdomo inaonekana wazi kabisa, nywele za kidevu zinahesabika, na sikio la nyuma tayari limeanza kufifia. Kwa milimita 300 na f/5.6, katika umbali wa mita nane, kina cha eneo linaloonekana wazi, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama sentimita 15 tu, na kwa mita tano hushuka hadi sentimita sita hivi. Kwa hiyo fokasi iwekwe kwenye jicho. Pua ikiwa wazi na jicho likiwa na ukungu, picha hiyo haina kazi.

Fokasi ya kujiendesha ndiyo sehemu iliyoboreshwa sana katika toleo hili. Mota yake, inayoitwa Nano USM, ni ya haraka na haitoi sauti ya kumfanya mtu wa jirani ageuke. Hata hivyo wavu huidanganya kamera yoyote, kwa kuwa kamera hupenda kitu kilicho karibu chenye mistari iliyo wazi, na waya ndio hasa kitu hicho. Nimezima nukta zote isipokuwa moja, naipitisha katikati ya tundu la wavu, na ikiwa bado inaushika waya, naielekeza kwanza kwenye gogo au ukuta ulio nyuma ya mnyama, nashika fokasi huko, kisha narudi kwa mnyama. Lenzi ikianza kutafuta kutoka mbali hufika kwa mnyama kabla haijafika kwenye waya. Inasaidia pia kuihamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha AF-ON, ili kidole kinachopiga picha kisiwe kinaanzisha upya utafutaji kila mara. Lenzi hii haina swichi ya kuweka mpaka wa umbali wa fokasi, ambayo lenzi nyingine ndefu zinayo, na katika vizimba ungeona umuhimu wake.

Mwanga wa Nairobi una tabia yake. Tukiwa karibu na ikweta, jua hupanda haraka, na kufikia saa nne asubuhi tayari linapiga kutoka juu na kuyaacha macho ya wanyama ndani ya mashimo meusi. Zaidi ya hapo, jua likiuangukia wavu wenyewe, waya hung'aa na ule utando niliousema huwa mweupe. Picha inaonekana kama imepigwa kupitia moshi. Tafuta upande ambao wavu umo kivulini na mnyama yuko kwenye mwanga, na usipoupata, kofia au kitambaa cheusi kilichoshikiliwa juu ya sehemu ile ndogo iliyo mbele ya lenzi hutosha. Mimi huipendelea Julai, ambayo wakazi wa jiji huilalamikia kwa baridi, kwa sababu mawingu huweza kulifunika jua asubuhi nzima na mwanga ukawa laini, usio na vivuli vikali. Kwa mwanga huo duma wa kwenye uwazi hunipa 1/1000 kwa ISO 800 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila taabu. Taa ya kamera, yaani flashi, iache mfukoni kabisa: itaumulika waya kabla haijamfikia mnyama.

Kuna dosari moja ndogo ambayo sikuiona ikitajwa popote kabla ya kununua. Nyuma ya mnyama pakiwa na majani yanayopitisha mwanga, yale madoa ya duara ya mwanga uliofifia hubeba ndani yake michoro ya wavu, mistari myembamba iliyokatizana. Uso wa mnyama ni safi, lakini usuli unakusaliti. Dawa yake ni kusogea hatua moja au mbili kando hadi usuli uwe ukuta, mwamba au kivuli kizito.

Mahali ambapo lenzi inafikia mwisho wa uwezo wake ni kwa chui. Chui hupenda kulala pale penye kivuli kingi, na f/5.6 kivulini ni njaa ya mwanga. Hapo nimelazimika kupanda hadi ISO 3200 kwa kasi ya 1/200, na kwa kihisio cha 80D manyoya huanza kuwa na chengachenga ambazo programu ya kuhariri huzipunguza kwa gharama ya ule uzuri wenyewe wa madoa. Kifaa cha kutuliza mtikisiko, ambacho watengenezaji wanakipimia hatua nne za shata (kila hatua ni muda maradufu), kinafanya kazi kweli. Chui aliyelala nimempiga kwa 1/60 nikiwa nimesimama bila mguu wa kamera na picha ikawa wazi. Lakini kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Chui akigeuza kichwa katika kasi hiyo, uso unafutika.

Kwenye njia ya mbao ya Safari Walk kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu sehemu kadhaa mgeni huangalia kutoka juu na hakuna waya kati yake na mnyama. Hapo ndipo ninapoitumia lenzi kwa urefu wake wote, kutoka 70 kwa bongo, yule swala mkubwa wa msituni, akiwa kati ya miti hadi 300 kwa pembe ya kifaru mweupe peke yake. Kutazama kutoka juu kuna hasara ya kumfanya mnyama aonekane mfupi. Subiri ainue kichwa. Na tafadhali, kuwapigia wanyama miluzi ili wakutazame ni utovu wa adabu, na picha inayopatikana kwa njia hiyo huwa ya mnyama aliyekereka. Anayetaka kupiga picha za biashara aulize kwanza utaratibu wa kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Haya yangu ni ya mtu wa kawaida aliyeingia kwa tiketi ya kawaida.

Kuhusu umbo lake, lenzi ina uzito wa gramu 710, mkono unaweza kuibeba kutwa nzima bila kulalamika. Ina kidirisha kidogo kinachoonyesha umbali wa fokasi, urefu wa lenzi au kiasi cha mtikisiko. Ni pambo zaidi kuliko msaada, nami sijakitazama kwa muda mrefu. Haina kinga dhidi ya mvua na vumbi, na bomba lake hutoka nje linapovutwa, kwa hiyo nalifuta kwa brashi laini kabla ya kulirudisha ndani. Kikinga-mwanga chake, ET-74B, huuzwa kando, na nakushauri ukihesabu katika bei tangu mwanzo, kwa kuwa kando na kuzuia jua ndicho kitakachogusa waya badala ya kioo cha mbele. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa takriban dola 550, na leo ukitafuta iliyotumika hakikisha jina lake lina herufi II. Toleo la kwanza, la mwaka 2005, lina mota ya polepole na kioo cha mbele kinachozunguka wakati wa fokasi, na wauzaji wengine huyataja yote mawili kwa jina moja la "70-300 ya IS". Wenye kamera mpya za EOS R wanaweza kuitumia kwa adapta ya EF.

Rafiki aliwahi kuniazima Sigma 150-600mm. Ni lenzi ya kuheshimika mbugani, lakini ina karibu kilo mbili na haishiki fokasi kwa kitu kilicho chini ya mita 2.8, na katika vijia vya kituo ambako watoto wa shule wanapita makundi kwa makundi nilikuwa kero kwa wenzangu. Kwa chui naona afadhali kukodi 70-200mm ya f/2.8: kwenye milimita 200 tundu lake lina upana wa milimita 71, kwa hiyo inauyeyusha wavu vizuri zaidi ya hii yangu, na inaingiza mwanga mara nne. Kwa simba, duma, fisi, mondo na simbamangu wanaokaa kwenye mwanga, sioni sababu ya kulipa kodi hiyo.