Santuri Tatu za Ney Matogrosso Kutoka Soko la Kibuye

Jumapili moja katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, nilinunua santuri tatu za Ney Matogrosso, mwimbaji wa Brazili, kwa jumla ya shilingi 6,500 baada ya kuvutana bei na muuzaji kwa karibu nusu saa. Nazihakiki kama bidhaa nyingine yoyote ya mtumba, yaani hali yake, sauti yake na iwapo inastahili fedha hizo. Hata hivyo haiwezekani kuzipima bila kumpima mwenyewe, kwa sababu kila moja inamwonyesha katika hatua tofauti ya safari ambayo haijakoma, maana amevuka umri wa miaka 80 na bado anapanda jukwaani.

Ya kwanza ni ya mwaka 1973, alipokuwa katika kundi la Secos & Molhados pamoja na João Ricardo na Gérson Conrad. Jina hilo, yaani "vikavu na vya majimaji", liliandikwa zamani kwenye maduka ya rejareja yaliyouza nafaka na vinywaji, kitu kama duka la mtaani kwetu lenye unga upande huu na mafuta ya taa upande ule. Jaladani wametandika meza ya chakula na kuweka juu yake vichwa vinne vya watu, kila kimoja katika sahani yake, nyuso zimepakwa rangi. Kabla ya kwenda nayo nyumbani niliipeleka kwa fundi anayenitengenezea gramafoni ili tuijaribu kwa sindano mpya. Nilificha jalada makusudi. Wimbo wa kwanza, "Sangue Latino", haujafika katikati, fundi akainua kichwa: "Mwalimu, huyu mama ana sauti. Ni wa wapi?" Nikamwonyesha jalada na kumweleza kwamba hakuna mama hapo. Aliligeuza mara mbili, akalitazama tena, kisha akasema kwamba la sauti analielewa, ila vichwa hivyo vinamkumbusha vichwa vya mbuzi vinavyongojea kuchemshwa supu.

Sauti hiyo ndiyo mali. Wanamuziki huiita kontratena, yaani mwanamume mzima anayeimba katika kimo ambacho tumezoea kukisikia kwa wanawake wa sauti ya chini, na Ney haiigizi wala haikamui kooni. Huzungumza karibu vivyo hivyo. Katika "Rosa de Hiroshima", shairi la Vinicius de Moraes lililotiwa muziki na Gérson Conrad kuhusu bomu la 1945, mtu mwingine angelia na kupiga kelele, lakini yeye hulitamka taratibu kama anayemwamsha mtoto, na kwa sababu hiyo nimeurudia wimbo huo kuliko nyingine 12 zilizomo. Kasoro ya nakala yangu ni mkwaruzo katika "O Vira", wimbo wenye neno kuu linalomaanisha kugeuka, ambapo mtu hugeuka kuwa nusu mbwa-mwitu. Sindano inakwama papo hapo na kumgeuza mtu huyo bila kikomo mpaka uiinue kwa kidole.

Inafaa kukumbuka kwamba Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 1964 hadi 1985, na kwamba Ney, aliyezaliwa Bela Vista mwaka 1941 kwa jina Ney de Souza Pereira, alikuwa mtoto wa mwanajeshi na mwenyewe aliwahi kutumikia jeshi la anga. Huyo ndiye aliyepanda jukwaani kifua wazi, manyoya mwilini, kiuno kikizunguka, na Februari 1974 kundi lake likajaza ukumbi wa Maracanãzinho mjini Rio de Janeiro. Wanaoandika habari zake hukimbilia kusema kwamba alivaa kama mwanamke. Sikubaliani nao. Mzee wa Kijaluo aliyevaa kondo, yaani taji la manyoya ya mbuni, akajipaka udongo usoni na kufunga njuga miguuni, hakuna aliyemwita mwanamke, na ukitazama picha za Ney za miaka ile utaona amekaribiana zaidi na mzee huyo kuliko na bibi yeyote wa Rio. Kilichowakera wakubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba alikataa kuwaachia waamue mwanamume anafanana na nini. Wala hakuficha kwamba amewapenda wanaume.

Kundi lilivunjika mwaka huohuo wa 1974, akaendelea peke yake. Hapo ndipo inapoingia santuri ya pili, ya 1981, nayo ndiyo iliyoniudhi. Niliilaza juu ya kioo cha meza nikaona ukingo mmoja umenyanyuka kama chapati iliyoachwa juani, na bila shaka iliachwa juani. Muuzaji aliponiuzia aliishika wima muda wote, na sasa nimejua sababu. Wimbo wa "Homem com H" umo humo, wa mtindo wa forró, muziki wa dansi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, ulioandikwa na Antônio Barros, majigambo ya mtu anayejiita mwanamume kwa herufi kubwa. Kuyasikia majigambo hayo katika sauti hiyo kunachekesha na kukata kwa wakati mmoja, maana hujui anajisifu au anawasuta wanaojisifu. Kwa bahati nzuri sindano inaupita bila kuruka. Nyimbo zilizo karibu na ukingo zimekwisha kazi.

Ya tatu, "Pescador de Pérolas" ya mwaka 1987, ilirekodiwa mbele ya hadhira, naye akiwa amevaa suti, uso hauna rangi, amezungukwa na gitaa la Raphael Rabello, piano ya Arthur Moreira Lima na saksafoni ya Paulo Moura. Nakala hii ni safi kabisa. Hakuna manyoya ya kukushughulisha, na bado fundi yuleyule angeuliza swali lilelile. Rabello hapigi gitaa kwa kumfuata mwimbaji, bali humtangulia hatua moja na kumngoja kwenye kona, na mara mbili nilisimamisha gramafoni ili nirudie mstari mmoja tu.

Kwa anayeanza, ningemshauri anunue hii ya 1987 hata kwa shilingi 3,000, na ile ya 1973 kwa bei isiyozidi hiyo iwapo haina mkwaruzo. Ile ya 1981 asiichukue kabla ya kuilaza juu ya kitu bapa. Yangu nimeirudisha Kibuye Jumapili iliyofuata, na muuzaji, baada ya kuniita mwalimu mara nyingi kuliko kawaida, amekubali kunibadilishia kwa santuri mbili za benga.