Uzoefu wangu: Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini, Zanzibar

Ukishalipa kiingilio pale Mkunazini, wageni wengi wanaelekezwa moja kwa moja kwenye vyumba vya chini, vile vinavyoonyeshwa kuwa ndimo walimofungiwa watumwa. Viangalie, lakini nakuomba usiishie huko. Kijana niliyemkodi mjini atutembeze alikaa sana kwenye vile vyumba, na kanisani akataka tupite haraka haraka. Nikamwambia apumzike nje, mimi na shangazi yangu tukabaki ndani kwa raha zetu. Hapo ndipo kiingilio kilipofaa.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale lilipokuwa soko la watumwa. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Alifariki 1882, akazikwa humohumo, nyuma ya altare.

Mtindo ni wa Kigothi: madirisha marefu, membamba, yaliyochongoka juu, na vioo vya rangi. Ila kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kwenye mapambo utaona mkono wa Kiarabu. Mchanganyiko huo unapendeza, lakini kilichonishika mimi ni paa.

Aliyewahi kuingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe anajua vyumba vyake ni vyembamba. Sababu ni boriti: dari hubebwa na miti ya mikoko, na mikoko haitoi boriti ndefu. Chumba kinaishia pale boriti inapoishia. Sasa simama katikati ya kanisa hili uinue macho. Juu yako kuna tao moja pana, limetoka ukuta wa huku likaangukia ukuta wa kule, halina boriti hata moja, na katikati ya ukumbi hakuna safu ya nguzo. Steere aliamua kulimimina kwa matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na saruji. Walikuwapo waliosema litaporomoka. Mpaka leo watu wanasali chini yake. Nilikaa kwenye benchi nikalitazama mpaka shingo ikauma, na ningekuwa na muda ningeendelea.

Karibu na mlango kuna nguzo za marumaru. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa chini miguu juu, naye aliporudi akaziacha vilevile. Shangazi aliinama akapitisha kiganja kwenye tako la nguzo moja, kisha akaangalia juu, akarudi chini tena kulinganisha. Kabla ya kuelezwa tulikuwa tumezipita bila kuziona.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Kuna pia msalaba mdogo, uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulizikwa kule Chitambo, Zambia ya leo. Mwili wenyewe watumishi wake Susi na Chuma waliubeba hadi Bagamoyo. Nasikitika kwamba majina ya hao wawili hayatajwi sana na watembezaji, maana kazi ile ilikuwa yao.

Kuhusu vile vyumba vya chini, jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo yapokee maelezo kwa uangalifu. Ukatili wa soko lile hauhitaji kuongezewa chumvi. Kwangu mimi, sanamu alizotengeneza msanii Clara Sörnäs mwaka 1998, zilizoko uani, zinaeleza zaidi: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Maonyesho yaliyofunguliwa 2016 nayo yameandaliwa vizuri, yape muda wa kusoma.

Nenda asubuhi kabla makundi hayajafika, vaa nguo za heshima, na ukikodi mtembezaji mwambieni mapema kabisa kwamba mnataka kuanza na kanisa.