Nimechomoa USB zote nyuma ya seva ya ofisi: VirtualHere ndani ya Raspberry Pi 4

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Leo siko kwenye meza mliyoizoea, niko ndani ya chumba cha seva cha ofisi moja hapa Industrial Area, ndiyo maana mnasikia feni zinavuma. Msiondoke jamani, kwa sababu hiki kidude nilichoshika kimenipa raha ambayo sijaipata kwa kifaa chochote cha ofisi mwaka huu.

Ni Raspberry Pi 4, kile kikompyuta kidogo cha ubao mmoja. Mnaijua, siwasomei ina kumbukumbu kiasi gani. Ninachochambua ni programu niliyoweka ndani yake, inaitwa VirtualHere. Unachomeka kifaa cha USB hapa, kinapita kwenye waya wa mtandao, kinatokea kwenye kompyuta nyingine kana kwamba kimechomekwa palepale. Na hiyo kompyuta nyingine inaweza kuwa mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya seva, ambayo haina hata tundu moja la kuchomeka kitu.

Ngoja niwaambie kwa nini nimeshikwa na hili jambo. Ofisi hii ina seva mbili za Proxmox, programu ya kuendeshea mashine pepe. Programu ya uhasibu iko kwenye mashine pepe ya Windows, na haifunguki mpaka ione ufunguo wake wa leseni, huu hapa, unafanana na flashi. Zamani ulikuwa nyuma ya seva ya kwanza, umeunganishwa na mashine pepe kupitia seva yenyewe. Ulifanya kazi vizuri miezi na miezi. Halafu ikafika tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT. Usiku stima ilipotea, UPS, ile betri ya akiba, ikaishiwa, na stima iliporudi seva ya kwanza ikagoma kuwaka. Mimi nilikuwa bado Rongai, saa moja asubuhi. Nikaingia kutoka nyumbani, nikaifufua ile mashine pepe kwenye seva ya pili kutoka nakala ya usiku. Windows ikawaka, hesabu zote salama. Nikafungua programu: leseni haionekani. Ufunguo ulikuwa umechomekwa kwenye seva iliyokufa, chumba kimefungwa, na mimi nina msongamano wote wa Lang'ata Road mbele yangu. Mama wa uhasibu akanipigia simu. "Kijana wangu, leo ni tarehe ishirini." Hakuongeza neno lingine.

Sasa tazameni. Kamera nitaisogeza hapa kwenye skrini.

Hili dirisha ni la VirtualHere ya upande wa Windows, liko ndani ya mashine pepe. Pi yangu inaonekana juu, chini yake kuna vifaa vilivyochomekwa. Ufunguo huu ulikuja na namba tu, 0529:0001, nikaubadilisha jina nikauita "Leseni ya uhasibu" ili hata mtu mwingine akija aelewe. Nabofya kulia, nachagua kuutumia. Sikilizeni... mmesikia huo mlio wa Windows? Imeupata. Nafungua programu ya uhasibu, hiyo, imefunguka.

Lakini hicho sicho nilichowaitia. Kuna chaguo la pili, la kuiambia mashine ichukue kifaa hiki yenyewe kila inapokiona, bila kuulizwa. Nimeliwasha. Kisha nikaifanya VirtualHere huduma ya Windows, yaani inaanza kabla mtu yeyote hajaweka nenosiri. Nawasha mashine upya mbele yenu, sikati video. Inazima... inawaka... skrini ya nenosiri hiyo. Bado sijaingia. Angalieni huku kwenye kompyuta yangu ya mkononi: ufunguo tayari umeshachukuliwa na ile mashine. Sijagusa kitu!

Tuendelee. Nachomoa waya wa mtandao kwenye Pi. Ufunguo umepotea, programu inalalamika. Narudisha waya. Subirini kidogo... umerudi, wenyewe.

Na hili la mwisho ndilo lililonifanya nibebe kamera mpaka huku. Proxmox ukiifungia mashine pepe kifaa kilicho kwenye seva, inakataa kuihamisha ikiwa hai, kwa sababu kile kifaa hakiwezi kuhama nayo. Sasa seva haina kifaa. Nabonyeza kuhamisha, kutoka seva ya kwanza niliyoitengeneza kwenda ya pili. Programu ya uhasibu iko wazi, ripoti ya mauzo inasomeka. Asilimia 60... 90... imehama. Ripoti bado iko wazi, naifungua ukurasa wa pili, inafunguka. Wenzangu, asubuhi ile ya tarehe 20 ningekuwa na hiki, ningemaliza kazi kabla chai haijapoa.

Wengi mtaniuliza mbona nisitumie usbip, inayofanya kazi hii hii, ni ya bure na imo ndani ya Linux tangu toleo 3.17 la mwaka 2014. Nimeitumia. Kati ya Linux na Linux iko sawa, ila upande wa Windows ilinisumbua, na muunganisho ukikatika haurudi mpaka uandike amri tena. Kampuni ya Digi wana AnywhereUSB, masanduku ya kazi hii hii, ya matundu 2, 8 na 24. Ni imara, ila bei yake ofisi ndogo ya Nairobi itaiangalia tu. Walio na Hyper-V, programu ya Microsoft ya mashine pepe, ninyi ndio hasa mnahitaji njia ya mtandao, maana Hyper-V haina njia ya kuipa mashine pepe kifaa cha USB cha kawaida kutoka kwenye seva. VMware, programu nyingine ya mashine pepe, inayo, lakini tangu Broadcom wainunue mwaka 2023 na kufuta leseni za kununua mara moja, kila wiki napokea ujumbe wa mtu anayetaka kuhama. Video ya kuhamia Proxmox naiandaa.

Nilianza kama sina lalamiko. Ninalo. Toleo la bure linakuruhusu kifaa kimoja tu, na ile huduma ya Windows niliyowaonyesha inataka leseni ya kulipia. Mimi nililipa dola 49, kwa dola ya shilingi 129 ni kama shilingi 6,300. Bei siyo tatizo, hulipi kila mwezi. Kinachonikera ni kwamba leseni inafungwa kwa Pi hii hii. Ikiungua, leseni haiendi kwenye Pi nyingine hivi hivi. Kwa hiyo usiiwashe kwa chaja ya simu uliyookota mahali, tafuta ya volti 5 ampea 3, na uichomeke kwenye UPS. Matundu yake manne yote kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo vifaa vinavyokula umeme vipe habu yenye chaja yake.

Skana ya msimbo pau usihangaike kuipitisha huku. Nyingi hujifanya kibodi, zinaandika tu namba, kwa hiyo ukiwa umeingia kwenye mashine pepe kwa mbali, namba zinafika zenyewe. Diski ya nje pia usijaribu, utasubiri mpaka usinzie. Na tafadhali, tumieni waya, Wi-Fi hapana. Mlango wa mtandao 7575, ambao VirtualHere inautumia, msiufungue kwenye intaneti hata kwa dakika moja. Mtu akiwa nje ya ofisi aingie kwa VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

Aliyeuliza wiki jana kuhusu kamera za mikutano: nimejaribu moja, picha ilikatakata, nitaonyesha Ijumaa. Video sasa zinatoka Ijumaa saa mbili usiku, siyo Jumamosi tena.

Nazima kamera. Kuna printa mbili za risiti za aina moja hapa, nataka kila moja ifuate tundu lake kwenye Pi ili zisibadilishane, na mama wa uhasibu ameshabisha mlango mara mbili.