Kisanduku cha msako wa hazina: kadi safi, dira za kukaguliwa

Kisanduku hiki kinauzwa kwenye maduka ya vitabu katikati ya jiji la Nairobi, kwa walimu wa gredi ya nne hadi ya sita wasiotaka kufundishia ramani ubaoni tu. Ndani mna dira sita, kadi 24 za mafumbo, kamba ya mita 10 na kijitabu cha mwalimu.

Dira ndizo zenye kasoro. Zimesawazishwa kwa nchi za kaskazini, ambako mshale huongezewa uzito kidogo upande wa kusini ili ncha ya kaskazini isizame. Nairobi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako ncha zote mbili za mshale hukaa sawa, ile inayopita Ethiopia, na huku ncha inayovutwa chini ni ya kusini. Ukijumlisha na uzito ule, mshale unakwaruza kitako na kukwama. Mwanafunzi akiuona umetulia, anajua ndiyo kaskazini hiyo. Kwa hivyo kabla ya kulipa, ilaze dira kiganjani, geuka robo mzunguko, uone kama mshale unarudi wenyewe. Kagua moja moja, maana zikikaribiana zinavutana, na usisimame karibu na kaunta ya chuma. Simu nayo iwe mbali. Spika yake ina sumaku. Darasani kwenye madawati ya vyuma ni bure kabisa, tokeni nje.

Kijitabu kinadai hatua moja ni mita moja. Labda ya askari! Hatua ya mtoto wa miaka kumi haifiki hata sentimita 70, kwa hivyo "hatua 50" zitamwacha mbali na hazina. Pimeni mita 20 uwanjani, kila mtoto atembee kawaida mara tatu, kisha agawanye 20 kwa wastani wa hatua zake. Aliyepata hatua 32 ana sentimita 62.5, na desimali zimefundishwa humo humo. Kamba ni ya nailoni na ikivutwa inarefuka, kwa hivyo pimieni futi ya fundi.

Kadi ndizo zinazostahili pesa. Moja inasema: digrii 120, hatua 40, tafuta kinachomwaga maji wala hakinywi. Jibu ni mlizamu wa paa. Gredi ya nne waandikie "kusini mashariki" badala ya digrii.

Kijitabu kinaanzisha makundi yote kwenye kadi ya kwanza, na matokeo yake ni kundi moja kufikiri huku mengine yakilifuata. Kila kundi lianzie kadi yake na kuzunguka. Kipindi cha dakika 35 hakitoshi. Omba viwili vinavyofuatana. Darasa la watoto 48 ni wanane kwa dira moja, basi gawa kazi: mshika dira, mhesabu hatua, mchora ramani, mwandishi, na wabadilishane kila kadi.

Mkitoka shuleni, nendeni msitu wa Karura. Makutano ya njia yana namba, kwa hivyo kadi inauliza namba badala ya kuficha kitu ambacho mpita njia ataokota.