TAHADHARI: Dalali tuliyempa kiwanja auze ndiye aliyekinunua

Ndugu zangu, hasa mnaouza kiwanja cha familia kwa haraka kwa sababu ya ugonjwa, ada au msiba, someni hili kabla hamjampigia dalali simu. Sisi tumepoteza milioni 11, na mkataba tulisaini wenyewe, pesa tukahesabu wenyewe, mkono tukapeana.

Mwaka 2023 mama alihitaji upasuaji wa nyonga. Marehemu baba alituachia kiwanja upande wa Goba, Dar es Salaam. Hakijapimwa, ila kina karatasi za mauziano za zamani zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Majirani walikuwa wakiuza vya ukubwa ule kwa milioni 33 mpaka 36, nasi tukasema 35, maongezi yapo. Dalali tuliletewa na mtu wa karibu. Kijana mstaarabu, kila akija anaanza na mama: "Shikamoo mama, mguu unaendeleaje?" Nikamtumia picha za kiwanja, tukakubaliana kwa mdomo asilimia 10 yake.

Akaleta wateja. Wa kwanza akasema pale ni bonde, maji yatatuama. Wa pili akaokota udongo, akausugua viganjani, akasema huu ni mfinyanzi, msingi wake utakula nondo. Wa tatu akataja milioni 18. Usiku dalali ananipigia: "Kaka, soko limelala, watu hawana hela. Mama asije akachelewa hospitali." Leo naamini wateja wale walikuwa wake, ingawa hilo siwezi kulithibitisha. Nililoweza kulithibitisha ni hili linalofuata.

Wiki ya tano akaja na mnunuzi wa milioni 23 taslimu. Akasema mnunuzi mwenyewe yuko Dubai, ndugu yake ndiye atakayesaini. Mwanasheria wa kuandika mkataba akaja naye yeye huyo huyo dalali. Kwenye mstari wa jina la mnunuzi palikuwa patupu. Tukaambiwa jina litajazwa nakala ya pasipoti ikifika. Mama alisaini kitandani, karatasi imewekwa juu ya sinia. Mimi nilikuwa nimeshika ile sinia isiyumbe, na pengo lile nililiona. Nikanyamaza kwa sababu daktari alikuwa anasubiri malipo. Siku hiyo hiyo tukamhesabia dalali milioni 2 na laki tatu zake.

Wiki tatu baadaye binamu yangu, naye anatafuta kiwanja, akanirushia picha aliyoitoa kwenye status ya WhatsApp. "Kiwanja safi Goba, tambarare, milioni 36." Picha ile niliipiga mimi. Chini kwenye kona inaonekana kandambili ya bluu ya mama, aliyoivua siku ile akakaa kwenye kisiki cha mwembe kupumzisha mguu. Kiwanja kile kile nilichoambiwa ni bonde.

Nilimtafuta aliyekinunua mpaka nikampata. Ni dada mmoja muungwana, naye hakujua lolote. Alilipa milioni 34, na juu yake akamlipa dalali laki tano. Akanionyesha mkataba wake. Muuzaji ni yule "ndugu wa mtu wa Dubai", ambaye tulipoulizia mtaani tukaambiwa ni shemeji wa dalali, kaka wa mke wake. Mwanasheria ni yule yule. Mtu wa Dubai hayumo popote.

Cha juu wote tunakijua. Mwenye nyumba anataka laki mbili, dalali anakwambia laki mbili na nusu, tunaliacha tukisema ni jasho lake. Nadhani hapo ndipo tulipojizoesha vibaya. Ukimpa mtu mali yako auze, yeye ni mtu wako, na kazi yake ni kukutafutia bei. Akishakuwa mnunuzi kwa siri, kila shilingi anayoishusha kwako inaingia mfukoni mwake. Hapo hata ukimwona anakimbia juani na wateja, anajikimbilia mwenyewe.

Na sheria si kwamba haipo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Wakala akijifanyia biashara mwenyewe ndani ya kazi uliyompa, bila kukuambia ukakubali, unaweza kuyakataa mauziano hayo ikiwa alikuficha jambo la msingi kwa hila au yamekutia hasara, na faida aliyojipatia unaweza kumdai. Mimi sikuwa najua. Kituo cha polisi nilichokwenda waliniambia hilo ni dai, niende mahakamani, basi. Ni wakili wangu aliyenifungulia kitabu.

Kilichoniuma zaidi ni kukosa pa kumshtaki kama mtu wa kazi ile. Mthamini, yule mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, ana sheria yake ya mwaka 2016 na bodi inayomsajili. Dalali wa mnada anadaiwa leseni kwa sheria. Wakili ana Kamati ya Mawakili. Dalali wa viwanja, tulipouza, hakuwa na bodi ya kumsajili wala ya kumfuta, simu yake na pikipiki vilitosha. Wenzetu Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, na bodi ya usajili, kwa hiyo Mkenya anaweza kuuliza kama jina la mtu limo kwenye orodha. Uingereza, sheria yao ya 1979, kifungu cha 21, inamtaka wakala mwenye maslahi yake binafsi katika mali ayaseme kabla hata ya kuanza mazungumzo ya bei. Hicho kifungu kimoja tu kingemwokoa mama yangu. Madalali waaminifu wapo, nawajua wawili, na nao wanaharibiwa jina kwa kukosa kitu kama hicho.

Kwa hiyo mpaka mtu akulinde, jilinde. Mwandikie dalali barua ya uwakala, hata ukurasa mmoja: bei ya chini, asilimia yake, muda wake, na kwamba yeye, mke wake, ndugu yake au mshirika wake hawanunui bila kusema kwa maandishi ukakubali. Akigoma kusaini mstari huo wa mwisho, achana naye hapo hapo. Mnunuzi mwone kwa macho, ongea naye mkiwa wawili, muulize yeye mwenyewe ameambiwa bei gani. Pesa zitoke kwenye akaunti ya mnunuzi ziingie kwako moja kwa moja. Wakili tafuta wako, usipokee wa dalali, na jina lake lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mkataba wenye jina tupu usisaini hata mgonjwa awe mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Najua ninachosema. Na bei usiulize kwa anayetafuta kamisheni, uliza majirani waliouza karibuni. Kwa mali kubwa mlipe mthamini aliyesajiliwa, hutajuta.

Jina lake silitaji kwa sababu barua ya madai imeshapelekwa na wakili amenizuia. Lakini kama uliuza kiwanja upande ule, ukaletewa mnunuzi "yuko Dubai" na ndugu wa kusaini kwa niaba yake, niandikie inboksi na uniwekee nakala ya ukurasa wa mwisho wa mkataba wako, ule wenye sahihi. Mpaka sasa wamejitokeza wawili. Wakili anasema wa tatu angetusaidia sana.