Kikombe cha hedhi baada ya mwaka mmoja wa ulinzi wa amani

Kikombe hiki nilikinunua kwa shilingi 35,000 katika duka moja la dawa karibu na Makoroboi, jijini Mwanza, miezi mitatu kabla ya kikosi chetu kuondoka kwenda mashariki mwa Kongo. Katika orodha yangu ya safari nilikuwa nimekumbuka hadi kiwi ya viatu, hedhi nikaikumbuka mwisho. Hesabu ndiyo iliyoniamua: pakiti mbili za taulo za kike kwa mwezi ni pakiti 24 kwa mwaka, na begi lina mipaka yake.

Kimetengenezwa kwa silikoni laini, kinakunjika, huwekwa ukeni kukinga damu, na kinaweza kukaa humo hadi saa 12 kabla ya kumwagwa, ilhali taulo huhitaji kubadilishwa mara kadhaa katika muda huohuo. Askari anayetoka doria alfajiri na kurudi jioni, akiwa na wanaume kumi ndani ya gari moja, hahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo. Hakuna kitu cha kutupa, kuchoma wala kufukia, na kabla na baada ya kila hedhi kinachemshwa dakika tano katika kisufuria ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hakimfai mtu anayejifunza akiwa tayari kambini. Mwezi wa kwanza, nikiwa bado nyumbani Kirumba, kilivuja ndani ya daladala ya Nyegezi kwa sababu hakikuwa kimefunguka vizuri. Wa pili nilihangaika kukitoa, kwani nilikuwa nikivuta mkia wake badala ya kubana kitako cha kikombe ili hewa iingie. Wa tatu tu ndio nililala usiku kucha bila wasiwasi. Karatasi ya maelezo iliyokuwamo haikuwa na neno hata moja la Kiswahili, na muuzaji, badala ya kunielekeza, alinifungia kwenye gazeti kama anayeuza gongo. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango azungumze kwanza na mtoa huduma, maana kuvuta kikombe vibaya kunaweza kukitoa kitanzi mahali pake.

Kuna mambo ambayo kikombe hulaumiwa bila kosa. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Kwimba, alikitupa baada ya kuona maumivu na damu nje ya siku zake, na alipopimwa akakutwa na kichocho cha mkojo. Ugonjwa huo unaweza kuacha vidonda ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Ufukweni mwa ziwa kilichozoeleka zaidi ni kichocho cha utumbo, lakini waliokulia bara kidogo, kwenye majaruba ya mpunga na malambo, wana sababu ya kupima na kupata prazikwanteli, dawa ya kichocho, kabla ya safari, kwa sababu dalili hizo hudhaniwa kirahisi kuwa magonjwa ya zinaa, na mwanamke huona aibu kuzisema mbele ya tabibu wa kikosi.

Vivyo hivyo doksisaiklini, ambayo tulimeza miligramu 100 kila siku kujikinga na malaria na tukaendelea nayo wiki nne baada ya kurudi, huweza kuleta fangasi ukeni. Nilipowashwa niliweka kikombe pembeni hadi nilipomaliza dawa ya fangasi, nikatumia taulo chache nilizobeba kwa dharura. Dawa hiyo ingefaa kuwamo begini tangu mwanzo. Haja ndogo nayo kikombe hakiitatui: nilijinyima maji ili nisiombe gari lisimame, na mwezi wa pili kambini nikapata maambukizi ya njia ya mkojo. Wanaochagua sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ili kupunguza hedhi waianze mapema, kwa kuwa miezi ya mwanzo matone huja bila mpangilio.

Maji ya kunawa ni sharti, nasi tuliozoea ziwa mlangoni hulisahau hilo. Mimi nilitembea na chupa ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa kwa ajili hiyo tu. Kwa aliye na miezi mitatu ya kujizoeza, nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayesafiri wiki ijayo, abebe taulo. Nimepita dukani pale juzi: sasa wameweka maelezo ya Kiswahili, ingawa gazeti bado lipo palepale.