Kodi ya oksijeni sensa imetokea? Sensa iwe kitu cha mwisho kununua

Jamani kodi (namba ya hitilafu) P0135 ama P0130 ikitokea kwenye mashine ya kusomea gari haisemi sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, imekufa, inasema saketi ya sensa ina tatizo, na saketi ni sensa yenyewe, waya, soketi, fyuzi na kompyuta ya gari. Sasa hapa Unguja mtu akishasomewa kodi tu anaambiwa kalete sensa, anatuma pesa Kariakoo, mzigo unakuja na boti, inafungwa, kesho yake taa ya injini hio tena. Ndo mana nimepanga vitu vya kununua hivi.

Namba moja kwangu ni mita ya kupimia umeme. Ya dijitali, sio ya mshale, mana ya mshale inavuta ule umeme mdogo wa sensa ukapata namba za uongo. Hata ya bei ya chini ya Darajani inatosha. Gari ikiwa baridi chomoa soketi ya sensa, na kabla hujapima kitu imulike ndani kwa tochi, kwetu chumvi iko hewani, gari inayolala pwani Nungwi au Jambiani unafungua soketi unakuta pini zimeota unga wa kijani, basi tatizo lako ndo hilo na hujatoa hata shilingi. Pini zikiwa safi, sensa ya waya nne ina waya mbili za rangi moja, hizo ni za hita, kile kipasha moto cha ndani ya sensa: sensa za kampuni ya Denso huwa nyeusi mbili, NTK na Bosch nyeupe mbili. Pima omu hapo upande wa sensa. Toyota nyingi zinatoa 11 mpaka 16, mita ikiandika OL (umeme haupiti) hita imekatika, hapo kweli nunua sensa. (Zile sensa za A/F, yaani za hewa na mafuta, za Toyota za karibuni hita yake ni omu 2 au 3 hivi, usije ukasema imepiga shoti.) Omu ziko sawa? Fungua switchi bila kuwasha injini, geukia soketi ya upande wa gari, waya moja ya hita itoe volti 12. Hamna kitu basi tafuta fyuzi, na fyuzi ikiwa nzima fuata waya mpaka mwisho khasa pale inapopita karibu na ekzosi, inaungua ganda kimyakimya, na panya nao wana kazi yao.

Namba mbili ni skena ndogo ya blututhi, ELM327, unachomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu. Uzuri wake sio kusoma kodi, uzuri ni kuiona sensa inafanya kazi: injini ikishapata moto, sensa ya mbele ya kawaida inapanda na kushuka baina ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, ile iliyo nyuma ya kataliti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) inatakiwa itulie. Ya mbele ikiganda sehemu moja hata ukipiga resi, hapo kuna jambo. Lakini sikiliza, gari zetu nyingi zimetoka Japani, na zile za kabla ya 2008 hivi zina tundu lilelile la pini 16 ila lugha yake nyengine, unachomeka inakwambia haiunganiki, mtu anadhani kauziwa feki. Na feki nazo zipo, maandishi ya v1.5 na v2.1 hayaaminiki hata kidogo, kwa hio mwambie muuzaji unaijaribu kwenye gari yako kwanza, akikataa nenda duka jengine. Wa iPhone hakikisheni ni ya WiFi au blututhi ya kisasa, ile ya kawaida haitoshika. Toyota ya zamani inayogoma skena, kipande cha waya tu: unganisha TC na CG, yaani pini 13 na 4 za tundu lile, fungua switchi uhesabu taa ya injini inavyokonyeza, 21 (mara mbili, inapumzika, mara moja) ndo oksijeni sensa.

Skena ya mkononi yenye kioo chake naiweka ya tatu. Nyingi za bei ndogo zinasoma kodi na kufuta basi, na kufuta kodi si kutengeneza gari. Labda kama una gereji.

Taa ya balbu ya kupimia wanayoipenda mafundi wengine, kwa kazi hii hapana, ukiigusisha waya ya signali unaweza kuichoma kompyuta ya gari.

Mwisho sensa. Nunua Denso au NTK kwa namba ilioandikwa kwenye sensa ya zamani, sio kwa jina la gari, mana IST na IST zinatofautiana. Ya mtumba mimi sinunui, hujui imekula masizi na oili kiasi gani. Zile za kuunga waya ni rahisi lakini usizichomelee kwa risasi wala usipake grisi, sensa inavuta hewa kupitia humohumo kwenye waya, bana kwa viunganishi. Kuifungua utataka soketi ya spana ya milimita 22 yenye mkato wa kupitisha waya, injini iwe na uvuguvugu. Mpya nyingi zinakuja zimeshapakwa dawa ya kuzuia kung'ang'ania kwenye nyuzi za kufungia, usiongeze yako ikagusa ncha.